Zamu ya Maji ya Nyumba ya Turpín

Maiti ya Ginés Turpín ilikutwa Jumatano, saa moja na robo asubuhi, chini ya matete, hatua tatu tu kutoka kwenye lango la maji la shamba lake. Aliyemkuta ni Crisanto Abellán, msimamizi wa mifereji, ambaye hupita kila asubuhi kuhakikisha hakuna aliyemwibia mwenzake maji. Crisanto alipiga simu polisi, kisha akavua kofia, akaketi kando ya maiti na kusubiri mpaka askari wa kwanza walipofika. Baadaye alisema hakuona vyema kumwacha mzee wa watu peke yake katika hali ile.

Kabla ya saa tatu Luteni Casilda Marhuenda wa kikosi cha upelelezi alikuwa ameshafika kijijini kwetu Benizaid, kusini mwa Hispania, na viatu vyake vilikuwa vimeshajaa tope. Sisi wa Benizaid huwapima wageni kwa viatu. Wanaokuja kupiga picha gurudumu la maji na mnara wa Wamori, Waislamu wa kale waliotuchimbia mifereji, huruka huku na huku wakikwepa matope, wakishika suruali zao kwa vidole viwili. Yule mama aliingia shambani moja kwa moja, kama mtu anayeingia jikoni kwake.

"Pigo moja, kisogoni," daktari alimwambia, akiwa bado amepiga magoti. "Kwa kukisia, jana jioni, kati ya saa kumi na moja na saa kumi na mbili. Nikishafanya uchunguzi wa maiti nitakupa jibu la uhakika."

"Alipigwa na nini?"

"Na hilo hapo." Daktari alionyesha jiwe la lango. Juu yake palikuwa na damu iliyokauka na nywele chache nyeupe. "Aliliangukia. Au aliangushwa."

"Halafu akajivuta mwenyewe hadi hapa?"

"Aliburutwa. Tazama visigino vyake."

Luteni alitazama. Michirizi miwili ilitoka langoni na kuishia kwenye matete. Jambo hilo lilimsumbua. Anayeficha maiti huipeleka mbali, na mto wenyewe ulikuwa pale chini, hatua mia hazifiki. Huyu marehemu alikuwa amesogezwa pembeni tu, kana kwamba alikuwa amelala njiani na mtu alitaka kupita.

Alimgeukia Crisanto. "Jana jioni hapa palikuwa na shughuli gani?"

"Zamu yake ya maji, Luteni. Kila baada ya siku kumi na mbili, saa kumi na moja hadi saa moja. Mimi hufungua lango kuu kule juu, kwenye gurudumu. Saa moja kamili nafunga, maji yanakwenda kwa jirani."

"Ulimwona?"

"Kule juu huoni huku. Kuna kona, na matete haya. Mimi natazama maji. Yakirudi mtoni, najua mtu hajaweka kibao chake cha kugeuza maji. Yasiporudi, anamwagilia."

"Na jana?"

"Robo saa ya kwanza yalirudi. Nikasema, mzee Ginés leo magoti yamemgomea. Halafu yakaacha kurudi."

"Shamba hili humwagiliwa kwa muda gani?"

"Saa mbili, na uwe na mkono mwepesi. Ukisinzia, umesinzia na kiu yako mpaka siku kumi na mbili zipite. Na mwaka huu, Luteni, mvua yenyewe tumeisahau ilivyo."

Luteni alishuka ngazi ya kwanza ya shamba, ya pili, ya tatu. Udongo ulikuwa umelowa kila mahali. Kila tuta lilikuwa limefunguliwa na kufungwa kwa mpangilio, na tope lake kupigwapigwa kwa mgongo wa jembe likawa laini. Alirudi juu akihema.

"Mtu huyu alikufa kabla ya saa kumi na mbili," alisema. "Shamba limemwagiliwa mpaka saa moja. Nani alimalizia?"

Crisanto alijikuna shingo.

"Aliyemwua," Luteni alijijibu. "Alimsogeza ili maji yapate njia, kisha akabaki kumwagilia milimau ya mtu aliyemwua. Zaidi ya saa nzima."

"Na kazi kaifanya vizuri," Crisanto alisema, halafu akajiziba mdomo kwa kofia.

*

Marehemu hakuwa na mke wala mtoto. Aliishi na dada yake, Práxedes, aliyemzidi miaka mitatu, katika nyumba ya mtaa wa juu ambako kuta zimeegemeana kwa uzee. Luteni alimkuta bibi huyo amekaa jikoni, amevaa nyeusi, wanawake wawili wa jirani wamemweka katikati. Alikuwa na miaka sabini na minne, mwembamba, na viganja vipana vya mtu aliyebeba makreti ya malimau tangu utotoni.

"Pole sana, Doña Práxedes. Mara ya mwisho ulimwona saa ngapi?"

"Saa kumi na nusu. Alikwenda zamuni."

"Hakurudi, na hukumtafuta?"

"Baada ya zamu huenda kucheza karata. Mimi saa mbili niko kitandani."

"Habari ulizipata lini?"

"Leo, saa mbili na nusu. Crisanto alikuja."

Koplo Nicasio, msaidizi wa Luteni, alikuwa amesimama mlangoni na daftari lake. Alikuwa kijana mwenye bidii na haraka ya kwenda kula. "Ni kweli kaka yako aligombana na kibarua wake, yule Mmoroko, jana asubuhi?" aliuliza.

"Ni mdogo wangu, si kaka," alisema Práxedes. "Na waliosikia ndio wa kuulizwa."

Waliosikia walikuwa wengi mno. Ugomvi ulitokea mbele ya mkahawa, saa ya kahawa, na Benizaid hatuna burudani nyingine. Driss Ouali alikuwa amefanya kazi kwa Ginés miaka sita. Ijumaa hii, saa tatu asubuhi, alikuwa na miadi katika ofisi ya uhamiaji mjini Murcia. Ofisi ingeamua kama mkewe na binti yake waje kuishi naye. Kwa muda wa miaka miwili alikuwa akingoja siku hiyo moja. Alihitaji barua ya mwajiri, na Ginés alikuwa amemwambia mbele za watu, "Baada ya Jumapili sitakuwa na kazi ya kukupa, mwanangu. Nitaandikaje uongo?" Driss akamjibu kwa sauti iliyofika hadi kanisani kwamba Mungu amfanyie naye kama anavyowafanyia wenzake.

Saa sita mchana Driss alikuwa ametiwa pingu.

*

Kituo cha wilaya kiko kilomita kumi na nne kutoka kwetu. Driss alikaa kwenye kiti cha chuma, mikono juu ya meza. Koplo alikuwa amemletea mkate wenye nyama ya nguruwe, mchana, ndani ya mwezi wa Ramadhani. Driss aliutazama, akaanza kucheka bila kutaka.

"Koplo, umeua ndege wawili kwa jiwe moja," alisema.

Nicasio aliona haya, akautoa mkate ule nje.

"Jana, saa kumi na moja hadi saa moja, ulikuwa wapi?" Luteni aliuliza.

"Chumbani kwangu. Napika, nangoja magharibi."

"Na nani?"

"Na sufuria."

"Ulikuwa na hasira na Ginés."

"Nilikuwa nayo. Mpaka sasa ninayo, amekufa kabla hatujapatana." Alifuta uso kwa kiganja. "Alikuwa mtu mwema, Luteni. Mkaidi, lakini mwema. Jana nilisema maneno mabaya, na sasa siwezi kuyarudisha."

Luteni alivuta kiti karibu. Yeye mwenyewe alikuwa ameshaanza kumwamini, na alikuwa na hoja ambayo alidhani ingemsaidia.

"Aliyemwua alibaki akamwagilia shamba. Kazi ile ni ya mwenyeji, mtu aliyezaliwa na mifereji hii. Mgeni asingeijua."

Driss alimtazama kwa huruma kidogo.

"Luteni, kwetu Tafilalt nimeshika zamu ya maji nikiwa na miaka saba. Mifereji hii nyinyi mliirithi kwa nani? Kwa babu zenu wa kanisani? Mimi siku ya kwanza kufika hapa Ginés alinipa jembe, na hakunifundisha kitu. Kila kitu nilikuwa nakijua, mpaka namna ya kuziba tope."

"Unajua kwamba unajiharibia?"

"Umeniuliza, nimekujibu."

Koplo aliandika kwa furaha. Alipotoka nje alisema, "Afande, amekiri kwamba anajua kazi. Sababu anayo, shahidi wa alikokuwa hana. Kesho kutwa tumpeleke kwa hakimu, tumalize."

"Kesho kutwa ni Ijumaa."

"Ndiyo, afande."

"Ana miadi Ijumaa. Akikosa, na akiwa na kesi ya mauaji, mkewe na binti yake hawatavuka bahari maisha."

"Hilo si kosa letu, afande."

Luteni alikwenda kwenye gari. Kosa lingekuwa la nani, alijiuliza akiwa ndani ya gari, kama yeye ndiye mwenye ufunguo wa mahabusu? Alijua sheria inampa saa sabini na mbili za kumshikilia mtu. Kwa Driss zilikuwa hazifiki arobaini na tano.

*

Alhamisi asubuhi alirudi shambani peke yake. Majibu ya daktari yalikuwa yamefika: fuvu lilipasuka kwa kuangukia jiwe, na kifuani palikuwa na alama nyepesi ya kusukumwa na kitu bapa. Alama za vidole hazikupatikana, maji na tope vilifuta kila kitu. Alikaa juu ya ukingo wa mfereji. Gurudumu lilikuwa likizunguka kule juu na kulalamika, kama lilivyolalamika tangu enzi za Wamori, kabla mfalme hajawafukuza na kutuacha sisi tuliobaki tukijifanya hatuhusiani nao.

Alitaka kuhesabu miti. Hakuwa na sababu kubwa, ila kichwa chake hufanya kazi miguu ikitembea. Ngazi za chini, sawa. Ngazi za kati, sawa. Alipofika juu kabisa, nyuma ya kibanda cha majembe, aliona milimau miwili mikubwa iliyosimama kando ya mingine, minene kuliko yote. Chini ya mmoja udongo ulikuwa mweusi, una unyevu. Chini ya mwingine ulikuwa mkavu, umepasuka.

Mdomo wa kidimbwi cha maji kilichozunguka shina la ule mti mkavu ulikuwa umezibwa kwa tope na kishada cha matete. Tope lenyewe lilikuwa limepigwapigwa kwa mgongo wa jembe.

Luteni alichutama, akaingiza vidole kwenye udongo chini ya mti. Akachimba. Akachimba mpaka mkono ukazama karibu na kiwiko. Ulikuwa mkavu hadi chini. Akashika kishada cha matete ili akivute.

"Acha hapo, Luteni!"

Crisanto alikuwa anakuja mbio, kofia mkononi.

"Usiguse! Huo ni wa marehemu."

"Wa marehemu vipi? Yote si yake?"

"Yote ni yake, lakini ule ni yeye." Crisanto alikaa chini kupata pumzi. "Hapa mtoto akizaliwa hupandiwa mlimau kichwani mwa shamba. Mama yao alipanda miwili. Mmoja wa Práxedes, mmoja wa Ginés. Mtu akifa, mti wake haupewi maji mpaka siku tisa zipite. Unazibwa mdomo. Ni heshima. Padri hapendi, lakini na yeye mama yake alipokufa aliuziba."

"Nani huziba?"

"Wa nyumbani. Nani mwingine? Mimi mwenyewe nilikuwa sijui upi ni wa Ginés na upi wa dada yake mpaka jana nilipopita nikaona umezibwa. Hayo ni mambo ya ndani ya nyumba."

"Na wa nyumbani walipata habari lini?"

"Jana, saa mbili na nusu. Si nilikwenda mimi?"

Luteni alibaki amechutama. Mfereji ulikuwa mkavu, kama ulivyokuwa jana yake.

"Crisanto, nisikilize na unirekebishe. Zamu ilikuwa Jumanne. Maji yaliingia shambani Jumanne jioni, yakanywesha miti arobaini na mmoja. Tangu hapo halijaingia tone."

"Halijaingia."

"Mti huu ukizibwa jana Jumatano, baada ya habari kufika, ungekuwa umeshakunywa Jumanne pamoja na mwenziwe. Ungekuwa umelowa."

Crisanto aliugusa udongo kwa kiganja.

"Lakini ni mkavu mpaka kwenye mizizi," Luteni alisema. "Kwa hiyo ulizibwa Jumanne, maji yakiwa yanatembea. Jumanne hiyo, duniani kote, ni mtu mmoja tu aliyejua kwamba Ginés amekufa."

Msimamizi wa mifereji aliutazama mti, akautazama mwingine. Alielewa, na uso wake ulibadilika rangi. "Luteni," alisema kwa sauti ndogo, "mimi sijakwambia chochote."

Kabla ya kwenda kwa Práxedes, Luteni alipitia kituoni. Aliingia mahabusu bila Koplo, akasimama mbele ya Driss.

"Mlimau wa Ginés ni upi?"

Driss aliinua kichwa. "Swali gani hilo? Yote arobaini na miwili ni ya Ginés."

"Ule wake hasa."

"Luteni, umelala kweli wewe?"

"Sijalala," alisema Casilda, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatano alitabasamu.

*

Wanawake wa jirani walikuwa wameondoka. Práxedes alikuwa anamenya maharage mabichi mezani, maganda upande huu, punje upande ule. Luteni alimsomea haki zake. Bibi alisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kisha akaendelea kumenya.

"Doña Práxedes, nani aliuziba mti wa mdogo wako?"

"Mimi. Nani angeuziba?"

"Lini?"

"Jana. Niliposikia."

"Nimechimba chini yake kwa mkono huu."

Práxedes aliutazama mkono. Kulikuwa bado na vumbi kwenye kucha.

"Mti wako umelowa," Luteni alisema. "Wake ni mkavu. Uliuziba maji yakiwa mferejini."

Punje moja ilianguka sakafuni. Bibi hakuiokota. Koplo Nicasio, aliyekuwa mlangoni, akaacha kuchezea kalamu.

"Niliuziba kwa sababu alikuwa amekufa," Práxedes alisema mwishowe. "Sikufikiri. Nilifika pale na jembe, maji nyuma yangu yananifuata, nikaona mti wake. Ningempaje maji? Ningefanya kama yu hai?"

"Nieleze kuanzia langoni."

"Mama alipokufa nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Ginés kumi. Nilimpikia, nilimfulia, nilimfunza kushika jembe. Shamba likaandikwa jina lake, kwa kuwa ndiye mwanamume. Sawa, sikulalamika. Yeye alikuwa na karatasi, mimi nilikuwa na miti." Alisukuma bakuli pembeni. "Mwezi uliopita akaanza. Prá, tumezeeka. Prá, malimau yanaoza juu ya miti. Kuna nyumba mjini, ghorofa ya nne, karibu na hospitali. Alikuwa amekwenda kuiona. Dirisha la chumba changu linatazama ukuta."

"Na Jumapili?"

"Jumapili ni Baraza la Maji. Kila mwaka linaita majina ya nyumba, na nyumba huitikia. Nyumba ikiitwa mara tatu bila kuitikia, zamu yake inagawiwa wengine. Hairudi tena, Luteni, hata wakija wajukuu. Yeye alitaka kusimama mbele ya watu aseme, Turpín tunaacha."

"Jumanne ulimfuata."

"Niliona anatoka bila jembe. Nikajua. Nilimkuta amekaa juu ya jiwe la lango, kibao mapajani, anatazama maji yanavyopita na kurudi mtoni. Nikamwambia, weka kibao. Akasema, yaache yaende, Prá, kaa hapa nami. Alisema kwa upole tu. Nikashika kibao, naye akakishika. Tukavutana, wazee wazima. Kisha mimi nikasukuma badala ya kuvuta."

Alionyesha kwa viganja vyake, taratibu, kidogo tu.

"Alikufa palepale?"

"Nilimwita. Nilimpigapiga mashavu. Nikamwita kwa jina alilokuwa akiitwa na mama." Machozi yalianza kumtiririka, lakini sauti haikutetereka. "Halafu nikaona maji yanapita."

"Ukamsogeza."

"Alikuwa amelala kwenye njia ya maji."

"Ungeweza kukimbia kuita watu."

"Ningeita, na zamu ilikuwa imeshaanza!"

Alisema hivyo kama anayeeleza jambo ambalo hata mtoto angelielewa. Luteni Casilda, ambaye alizaliwa mjini na maji yake yametoka bombani siku zote, alijikuta anaelewa, na kuelewa huko kulimtisha. Mwanamke huyu alimpenda mdogo wake, hilo halikuwa na shaka. Alikuwa amelia na kumwagilia, kwa pamoja, mpaka jua likazama.

"Na Driss?" aliuliza.

Hapo ndipo Práxedes alipoinamisha macho.

"Nilikuwa nije kwako Jumapili. Naapa. Nikishaitikia jina tu, ningekuja kituoni kwa miguu yangu. Kabla ya hapo mngenifungia, na nani angeitikia?"

"Miadi ya Driss ni Ijumaa. Ulijua?"

"Nilijua. Barua ya ofisi kuhusu mkewe mimi ndiye niliyeipokea kwa tarishi."

"Kwa hiyo uliona siku zote mbili."

"Nilizihesabu zote mbili, Luteni," bibi alisema. "Nikachagua yangu."

Koplo Nicasio alitoa pingu mfukoni, akazitazama, akazirudisha. Luteni alimsaidia bibi kuvaa koti.

*

Saa tisa na nusu alasiri walimtoa Driss mahabusu. Luteni alimkabidhi mkanda wake, kamba za viatu, simu, na karatasi yenye mhuri inayosema kwamba hana kesi. Kuhusu barua ya mwajiri, alimwambia, kiongozi wa Baraza la Maji alikuwa amesaini nyingine mchana ule ule, kwa niaba ya wakulima wote wa mfereji. Crisanto ndiye aliyemwamsha usingizini na kumshikisha kalamu.

Driss alisoma karatasi zote mbili mara mbili. Alipoinua macho, Práxedes alikuwa amekaa kwenye benchi la ukumbi, akingoja kupelekwa kuandikisha maelezo. Mikono yake ilikuwa mapajani, haina kitu cha kufanya.

"Driss," aliita.

Akamwendea. Akasimama mbele yake.

"Wamekwambia?"

"Wameniambia, Doña Práxedes."

"Sikuombi unisamehe. Sina uso huo." Aliziminya ncha za koti lake. "Nakuomba kitu kingine. Baraza linamkubali anayeshika jembe la shamba. Wewe umelishika miaka sita, watu wote wanajua. Jumapili wakiita Turpín, itikia. Neno moja tu. Sema yupo."

Luteni alitaka kuingilia kati, akajizuia. Koplo alisahau kufunga mlango.

Driss alizikunja karatasi zake mbili. Hakuonekana na hasira, alionekana amechoka sana.

"Nikuulize, Doña. Ungekuja kweli kunitoa?"

"Ningekuja. Kwa roho ya mama yangu."

"Saa ngapi?"

Práxedes alisita. Alikuwa mkweli hata pale ambapo uongo ungemfaa.

"Baada ya jina kuitwa," alisema.

Driss alitikisa kichwa kukubali, polepole, kama mtu aliyepewa bei na ameielewa.

"Basi na mimi," alisema, "nitakupa jibu lako baada ya jina kuitwa."

Alikaa mwisho wa benchi lile lile, akafunga kamba za viatu vyake, kushoto kisha kulia, akatoka kwenda kuwahi basi la saa kumi la Murcia.